Nani Anaiua Injini ya Mazutu kwenye Barabara ya Kalehe?

Waulize madereva wanaopakia Bukavu kuelekea Kalehe ni injini gani inayodumu, utapata majibu matatu kabla pikapu haijajaa. Mwenye umri mkubwa ataapa kwa 1HZ, ile ya silinda sita ya Land Cruiser. Wa pili atasema hakuna kama 5L ya Hilux za zamani, kwa kuwa vipuri vyake havikosekani. Kijana atawaambia wote wawili kwamba wakati umepita: D-4D inapanda mlima bila kulia, na mazutu, yaani dizeli, hainywi sana. Kila mmoja ana gari la kukuonyesha kama ushahidi.

Mjadala huo ni mzuri, lakini naona unaanzia pasipofaa. Ukifuatilia injini iliyokufa, hatua kwa hatua, hadi siku ilipoanza kuugua, mara nyingi unajikuta umetoka nje ya injini kabisa. Unakuta maji yaliyotiwa kwenye redieta, mazutu yaliyonunuliwa kando ya njia, vumbi, mzigo uliopita kiasi, na nyuma ya hayo yote mapatano kati ya mwenye gari na dereva ambayo hayamtaji mtu wa kulipia oili. Naamini hayo mapatano ndiyo yanayoua injini nyingi kuliko kasoro yoyote ya kiwandani. Lakini tuanze na barabara, maana ndiyo inayotoa mtihani.

Kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, lami inakufikisha maeneo ya uwanja wa ndege wa Kavumu. Mbele ya hapo Barabara ya Taifa Namba 2 ni udongo na mawe: Katana, Kabamba, Kalehe, Bushushu, Nyabibwe, Minova, hadi Sake na Goma, jumla karibu kilomita 200. Bukavu hadi Kalehe ni kama 60 tu, ila baada ya lami ni za gia ya pili na ya tatu. Anayekwenda Numbi, kwenye migodi na malisho ya nyanda za juu, analiacha Ziwa Kivu na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Na njia yenyewe haikai ulivyoiacha. Tarehe 4 Mei 2023 mafuriko na maporomoko yalizifagia Bushushu na Nyamukubi, yakaua watu zaidi ya 400, na barabara ikakatika. Mito ya milima hiyo ndiyo ambayo pikapu huivuka kila msimu wa mvua, mara kwa daraja, mara kwa kuteremka majini.

Mzigo nao una habari yake. Pikapu ya Land Cruiser imeundwa kubeba kama tani moja. Siku ya soko inabeba magunia ya makaa, maharagwe na viazi, mabeseni ya samaki wa sambaza, kreti za bia, na juu ya vyote hivyo watu wameshikana mabega. Fundi ameongeza vyuma vya springi ili gari lisilale chini, kwa hiyo kwa macho linaonekana limebeba sawasawa. Injini haikuongezwa kitu. Inauvuta mzigo huo ikiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea haraka, upepo haupiti mbele ya redieta, na feni peke yake ndiyo inayopoza.

Hapo ndipo mwinuko wa nchi yetu unapoingia, jambo ambalo husemwa mara chache garajini. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina uzito kama asilimia 86 ya hewa ya Mombasa, na ukifika mita 2,400 inabaki chini ya asilimia 80. Injini isiyo na tabo, kama 1HZ au 5L, inavuta hewa hiyo nyepesi huku pampu ikiendelea kupeleka mazutu. Hewa ya kuyachoma yote haitoshi, moshi mweusi unatoka, nguvu inapungua. Dereva analalamika, na fundi anayetaka kumridhisha anafungua skrubu ya pampu ili mazutu yaongezeke. Kwa siku chache gari linaonekana limechangamka. Lakini mazutu yaliyozidi huongeza joto la moshi unaotoka kwenye silinda, na joto hilo linaenda moja kwa moja kwenye silinda hedi. Kwa 1HZ, hedi iliyopata joto kupita kiasi hupasuka kati ya vali. Nasisitiza: moshi mweusi mlimani si sababu ya kuongeza pampu. Ni sababu ya kupunguza mzigo na kubadilisha gia mapema.

Mwinuko huo huo unagusa maji. Kando ya ziwa letu maji huchemka kwenye joto la kama nyuzi 95, na injini yenyewe hufanya kazi kati ya 80 na 95. Kinachotuokoa ni kizibo cha redieta. Kizibo kizima hubana maji kwa shinikizo la karibu baa 0.9, na chini ya shinikizo hilo hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Kwa maneno mengine, nafasi yote ya usalama ya injini inayopanda kwenda Numbi, nyuzi ishirini hivi, imeshikiliwa na kitu unachoweza kukificha kiganjani.

Kigeuze kizibo hicho ukitazame. Chini kuna springi, mwisho wa springi kuna duara la mpira, na katikati yake kivali kidogo kinachoruhusu maji kurudi injini inapopoa. Bonyeza mpira kwa kidole gumba: ukiwa laini na ukarudi, ni mzima. Ukiwa mgumu, una nyufa au umeliwa upande mmoja, basi umebaki na kifuniko tu cha kuzuia vumbi. Nimeona vilivyotengenezwa upya kwa mpira wa tairi la ndani, na vingine vilivyobanwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Gari la namna hiyo litachemka kila mlima, konvoyeri atashuka na bidoni kutafuta maji, na watu watasema redieta imechoka.

Na maji anayoleta yanatoka wapi? Mara nyingi ziwani, kwa kuwa ziwa liko pale pale. Maji ya Ziwa Kivu yamebeba zaidi ya gramu moja ya chumvi na madini katika kila lita, yanaelekea ubesi, na yakipashwa moto huacha ukoko mweupe. Ukoko huo hujenga kwenye mirija ya redieta na kuzunguka silinda, mahali hasa ambapo joto linatakiwa kutoka. Wiki baada ya wiki injini inavaa blanketi kwa ndani. Kulanti halisi ni ghali na kulanti feki imejaa, sawa. Lakini Kalehe mvua hunyesha karibu miezi tisa kwa mwaka. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana madini hayo. Pipa moja la maji ya mvua kwenye paki lingefanya kazi kubwa kuliko redieta mpya kila baada ya miaka miwili, ingawa bado yanahitaji dawa ya kuzuia kutu au kuchanganywa na kulanti ya kweli.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu maji. La kwanza ni tamostati. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki, kuanzia Bukavu hadi Mwanza, huitoa na kuitupa wakiamini inaleta joto. Katika injini nyingi za Toyota za dizeli, tamostati ikishafunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita redieta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa wakati unapohitaji kupoza kuliko wakati wowote. Asubuhi, kinyume chake, injini inachelewa kupata moto na silinda zinalika. La pili ni geji. Maji yakiisha kabisa, sindano ya joto inaweza kushuka, kwa kuwa kipimo chake kimebaki kwenye mvuke badala ya maji. Dereva anaona sindano imerudi chini, anamshukuru Mungu, anakanyaga mafuta. Dakika tano baadaye gasketi imeungua.

Sasa mazutu. Yanayouzwa Bukavu yametoka Mombasa au Dar es Salaam, yamepita Uganda au Rwanda, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na mwisho yanamiminwa kwenye mapipa, kisha bidoni za lita 20, kisha chupa za wale tunaowaita Kadhafi kando ya barabara. Kila kumimina ni nafasi ya vumbi na maji kuingia. Pipa lililojaa nusu hupata umande kwa ndani usiku, na Kalehe usiku ni baridi. Wengine huchanganya mafuta ya taa kwa makusudi. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu ya injini hizi hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake.

Majirani zetu walipambana na hilo kwa sheria. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, ili kituo chenye mafuta yaliyochanganywa kikamatike. Kenya mwaka 2018 ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili yasiwe tena na bei ya kumshawishi mtu kuyachanganya. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa tayari zimeamua kwamba kuanzia 2015 dizeli yao isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini mnunuzi wa bidoni Kabamba hana wa kumpimia.

Kwa hiyo apime mwenyewe. Mimina mazutu kwenye chupa nyeupe ya plastiki, iache itulie wakati gari linapakiwa, kisha itazame dhidi ya mwanga. Maji ni mazito kuliko dizeli. Yatalala chini na mstari utauona. Ukungu unaoning'inia katikati ni maji pia, bado hayajatua. Kitambaa cha kuchujia juu ya faneli kinazuia majani na changarawe, basi. Nafasi kati ya vyuma vya ndani vya pampu na nozeli ni mikroni chache, wakati unywele mmoja una kama mikroni 70. Kinachoharibu hakionekani kwa jicho. Ndiyo maana filta ya mazutu ina skrubu chini yake. Kuilegeza asubuhi, kupampu mara chache kwa mkono hadi mazutu safi yatoke, kunachukua muda mfupi kuliko kunywa uji, na ndiyo kazi ya matengenezo yenye faida kubwa kuliko zote ambayo karibu hakuna anayeifanya.

Kuhusu vumbi sina mengi. Kiangazi, kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, kila gari linakula vumbi la lililo mbele. Filta ya hewa ya karatasi hupigwapigwa kwenye tairi au kupulizwa kwa kompresa hadi karatasi inatoboka, kisha inarudishwa. Tundu la milimita moja linatosha kugeuza hewa kuwa msasa wa silinda.

Turudi kwenye swali la kijiweni, sasa tukiwa na cha kulipimia. 1HZ ilitoka mwaka 1990: lita 4.2, silinda sita, mbano wa karibu 22 kwa 1, hakuna tabo, hakuna kompyuta. Ikishawaka, inahitaji waya mmoja tu wa umeme, ule unaofungua mazutu kwenye pampu. 5L, lita 3 na silinda nne, ni ya ukoo huo. Ubora wao kwa Kalehe ni kwamba huugua polepole na hutoa taarifa. Moshi hubadilika rangi, asubuhi inakataa kuwaka, nguvu inapungua mwezi baada ya mwezi. Fundi mwenye spana na masikio ana muda wa kusikia.

D-4D hupeleka mazutu kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,300, na 1GD mpya zaidi, iliyoanza kutumika kwenye Hilux mwaka 2015, inapita 2,000. Kwa shinikizo hilo injini ndogo inatoa nguvu ya kubwa, na tabo yake inafidia hewa nyepesi ya milimani. Kijana yule hakusema uongo. Lakini tone la maji ambalo 1HZ ingelitapika kwa moshi mweupe linaweza kuua injekta ya D-4D siku hiyo hiyo, na kuipima kunahitaji mashine ambayo haiko Kalehe. D-4D za 1KD na 2KD, hasa za matoleo ya awali, zina ugonjwa mwingine unaofaa kujulikana: washa za shaba chini ya injekta huvuja, gesi ya moto inapanda kwenye oili, masizi yanaganda, na kichujio cha bomba linalovuta oili chini ya injini kinaziba. Oili iko, imejaa hadi alama, lakini haipandi. Gari hufa ghafla na dereva anaapa kwamba alikagua. Ukisikia mlio wa kutifu-tifu kuzunguka injekta, washa zibadilishwe wiki hiyo.

Na anayenunua gari lililotumika Ulaya achungulie kama lina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kichujio hicho kinataka dizeli yenye salfa kidogo na mwendo mrefu wa kasi ili masizi yaungue. Australia, penye dizeli safi na barabara pana, mahakama iliamua mwaka 2022 kwamba zaidi ya Hilux, Fortuner na Prado 260,000 ziliuzwa zikiwa na kasoro ya kichujio hicho. Barabara ya Nyabibwe haitakuwa na huruma zaidi.

Hukumu yangu basi ni hii: kwa Kalehe ya leo, injini ya pampu ya zamani bado ndiyo chaguo la busara, kwa sababu makosa yetu inayavumilia kwa miezi wakati ile mpya inayavumilia kwa saa. Lakini kuvumilia kuna mwisho, na hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Mwenye gari yuko Bukavu. Dereva anampelekea hesabu ya kila siku. Kinachobaki ni cha dereva, baada ya mazutu na malipo ya vizuizi njiani. Matengenezo makubwa ni ya mwenye gari, madogo yanaachwa hewani. Oili iko upande gani? Mazungumzo ni yale yale:

"Patro, oili imekuwa nyeusi, muda wake umepita."

"Tembea nayo kwanza, tutaona mwisho wa mwezi."

Dereva hawezi kulipia kutoka mfukoni, kwa kuwa kesho anaweza kunyang'anywa gari na oili ikabaki humo. Mwenye gari haioni, kwa kuwa gari limeleta hesabu jana na leo. Kila mmoja anafanya linalomfaa, na injini inalipa. Hata akili ya dereva mzuri inageuzwa dhidi ya gari: anaachia gia mteremkoni kuokoa mazutu, anajaza mzigo hadi mwisho, anaruka siku ya filta. Simlaumu. Hesabu hiyo haijui mvua wala soko bovu.

Tuifanye hesabu nyingine. Kwenda na kurudi Kalehe ni kilomita 120. Siku sita kwa wiki ni 720. Katika barabara kama hii oili ya 1HZ isizidi kilomita 5,000, yaani wiki saba. Pikapu nyingi za zamani geji ya kilomita ilishakufa, kwa hiyo kuhesabu kwa wiki ndiko kunakowezekana. Injini inachukua karibu lita 10. Gawa bei ya oili na filta zake kwa siku 42 za kazi, upate kiasi ambacho kila jioni kingewekwa kando kabla hesabu haijakabidhiwa. Ni kidogo mno kuliko faida ya gunia moja. Mkanda wa taimingi vivyo hivyo: kilomita 100,000 ni kama miaka miwili na miezi minane ya njia hii. Mkanda ukikatika, vali zinagonga pistoni, na hapo si tena suala la mkanda. Tarehe ya kuubadilisha iandikwe kwa rangi chini ya boneti, mahali ambapo hata mnunuzi wa pili ataisoma.

Namna ya kuweka fedha kando tunaijua. Likelemba, mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, iko kila mtaa, vikundi vya akiba viko kila kijiji cha Kivu, na madereva wana ACCO, chama chao. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye mapatano: kila siku, kabla ya hesabu, sehemu ya injini inatoka, inashikwa na mtu wa tatu, na haiguswi kwa jambo lingine. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 na benki za mjini zikafunga milango, fedha ya ghafla ya kununua hedi imekuwa ngumu kupatikana, hata kwa mwenye nayo. Hiyo ni sababu ya kuikusanya kidogo kidogo, mapema.

Fundi naye apewe haki yake. Nawaheshimu watu wanaoteremsha injini kwa mnyororo uliofungwa kwenye mti na kuirudisha ikafanya kazi. Bukavu ina shule za ufundi, Institut Technique Fundi Maendeleo ikiwamo, na mikono mizuri haikosekani. Kinachokosekana ni vipimo. Bolti za silinda hedi zinakazwa kwa nguvu za mkono, kila fundi na mkono wake, na hedi iliyokazwa bila usawa inarudi garajini baada ya wiki tatu. Injekta zinafunguliwa chini, penye upepo na vumbi. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kipimo cha shinikizo la redieta na meza safi iliyofunikwa vingegharimu garaji moja chini ya hedi moja iliyotumika.

Mwenye gari anayesoma haya anaweza kuanza leo bila kuuliza mtu. Achomoe dipstiki. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, kutoka mtoni au kwenye gasketi, na gari lisiondoke. Ikiwa nyeusi na nyepesi, imekwisha kazi. Kisha afungue kizibo cha redieta injini ikiwa baridi, abonyeze mpira wake kwa kidole gumba, na amuulize dereva kwa upole ni lini mara ya mwisho filta ya mazutu ilifunguliwa chini, na nani alimpa fedha ya kuibadilisha.